Simama Tukuone

Juzi usiku mpwa wangu alinijia na simu mkononi. "Mjomba, hebu mwone huyu." Ilikuwa video fupi kutoka Marekani, kwenye vile viwanja vya michezo ambavyo watoto wanavijua hata kama hawajawahi kutoka Mbalizi, kamji ka jirani na Mbeya. Mwanaume mzima anasukumwa kwenye kiti mwendo, anapitishwa mlango wa pembeni, foleni ya watu imejikunja nyuma yake. Akifika kwenye treni ile ya kupanda na kuporomoka, anainuka mwenyewe, anavuka ukingo, anakaa. Chini ya video watu wanamporomoshea matusi. Mpwa wangu hakucheka. Aliuliza, "Kwa hiyo huyu ni mwongo? Mbona mama naye huwa anasimama akitaka sufuria ya juu?"

Nilimwambia habari za yule mtu sizijui, aende akalale. Usingizi ukanipaa mimi. Swali lile lilishaulizwa kwenye geti, hapa hapa Mbeya, siku ya pili ya Krismasi, yeye akiwa bado anabebwa mgongoni, na aliyetakiwa kulijibu alikuwa mama yake.

Siku hiyo asubuhi jirani alimtuma kijana wake kuja kuazima kiti cha dada. Bibi yao, alisema, anataka kufika kanisani na miguu imemvimba. Dada hakuuliza mara mbili. Alishuka kwenye kiti, akajivuta hadi kwenye mkeka, akaendelea kuchambua mchele wa pilau. Kwetu kiti kile kilikuwa kinaazimwa sana: wa kutoka kujifungua, wa kuvunjika mguu, mzee wa kupelekwa kliniki. Dada alikuwa anasema kiti kikikaa bure kinashika kutu.

Kilirudi saa saba, magurudumu yameoshwa yanang'aa. Mama akafurahi. "Wale watu wana adabu, wamekiosha kabisa."

Niseme kidogo kuhusu hayo magurudumu, maana ndiyo yaliyotuponza. Kiti dada alikipata kupitia kanisa, kikiwa tayari kimetumika. Tairi ya nyuma upande wa kulia ilipasuka, tukampelekea fundi baiskeli pale Soweto, mtaa wa hapa hapa Mbeya, naye akatuvalisha tairi aliyokuwa nayo, ya baiskeli ya mtoto, yenye mstari mweupe ubavuni. Kwa hiyo kushoto nyeusi tupu, kulia nyeusi yenye mstari mweupe. Ukikiona mara moja hukisahau.

Saa tisa tukatoka na watoto. Uwanja wenyewe siutaji jina. Ulikuwa upande wa Uyole, pembeni ya jiji la Mbeya, umefunguliwa kwa msimu wa sikukuu tu: bembea za kuzunguka, puto kubwa la kurukia, katreni ka watoto kenye kengele. Mvua ilikuwa imenyesha asubuhi, na anayejua udongo wa kule ukilowa anajua. Unanata kwenye kiatu mpaka unatembea na shamba zima.

Kulikuwa na njia mbili. Ya watu wote ilipanda mwinuko kwa ngazi za udongo zilizozuiwa kwa mabanzi, kati ya mabomba mawili yaliyobanana. Ya pembeni ilikuwa ya magari ya mizigo, tambarare, imemwagwa kokoto, na kibao cha karatasi kimebandikwa: wazee, wajawazito na walemavu wapite hapa. Tukaenda pale.

Mlinzi alikuwa kijana, koti la mvua limemzidi mikono. Tulisalimiana vizuri. Kisha macho yake yakashuka kwenye tairi ya kulia, yakabaki pale.

"Hiki kiti kimeshapita leo," akasema.

Nikamwambia haiwezekani, sisi ndio kwanza tunafika.

"Kimepita, kaka. Saa nne. Alikikalia msichana, kafunikwa kitenge, anasukumwa, wenzake kama saba wanamfuata wanasema ni wasindikizaji. Kufika kwenye bembea kainuka, kakimbia. Bosi kanisema mbele ya watu. Kaniambia akipita mwingine wa hivyo, imekula kwangu." Hakuwa anafoka. Alikuwa ananieleza, kama anataka nimwelewe. Ndipo akamgeukia dada. "Samahani, mama. Naomba usimame kidogo tukuone."

Nilianza kumweleza kwamba huyu ana polio tangu akiwa na miaka miwili, kwamba mguu wa kulia hauna nguvu kabisa na wa kushoto una nguvu kidogo. Dada alininyooshea kiganja. Ninyamaze.

Akafunga breki, ya kushoto kisha ya kulia. Akakunja vikanyagio. Akaushika mguu wa kulia kwa mikono miwili, chini ya goti, akauweka chini kwenye kokoto, kisha wa kushoto. Alikuwa amevaa viatu vya kufunika, vya rangi nyekundu iliyoiva, alivyokuwa navyo tangu kabla hajazaa. Soli zake zilikuwa safi kama za dukani. Nikaziona zikigusa lile tope jeusi lililokuwa kati ya kokoto, na sijui kwa nini hilo ndilo lililonichoma kuliko mengine yote.

Akashika bomba la geti kwa mkono wa kulia. Wa kushoto akaukandamiza juu ya paja, kulifunga goti lisikunjike, ndivyo watu wengi wa polio wanavyojisimamisha. Akavuta pumzi, akajivuta. Kitenge kilimteleza kutoka mapajani kikaanguka, hakuna aliyekiokota. Na akasimama.

Nilikuwa nimesahau kwamba dada ni mrefu kuliko mimi.

Alisimama wima akamtazama yule kijana usoni. Nadhani alitaka amalize ile habari kwa heshima: umeniomba nisimame, hili hapa paja langu, huu hapa mkono unaolishikilia, sasa umeona ni jinsi gani. Lakini foleni ya wote ilikuwa hatua chache juu yetu, na wale hawakuona mkono wala paja. Waliona mwanamke aliyekuwa kwenye kiti, sasa amesimama.

"Si huyo anasimama!" mmoja akapaza sauti.

"Jamani, mpaka ulemavu mnaigiza? Krismasi hii?"

Watu wakaguna. Mtoto mmoja alicheka, nadhani kwa sababu wakubwa walikuwa wanacheka. Mlinzi akapanua mikono kuelekea kule juu, kana kwamba wao ndio waliokuwa hakimu na kesi imekwisha. "Umeona, mama? Haya, kapange foleni na wenzako."

Kiwiko cha dada kilikuwa kimeanza kutetemeka. Nilisukuma kiti nyuma yake, nikakichelewesha kidogo, akakaa vibaya, ubavu ukagonga mkono wa kiti. Hakulia. Alijiweka sawa, akauinua mguu wake mmoja mmoja kuurudisha kwenye kikanyagio, tope na yote. Ndipo akasema, kwa sauti ile anayomtumia mtoto asiyesikia:

"Uliniambia nisimame, nimesimama. Kutembea hukuniuliza."

Yule kijana akatazama pembeni.

Yaliyofuata nayapitisha haraka. Watoto walikuwa wanalia wanataka bembea, na dada akakataa turudi nyumbani. Tukapanga foleni. Kwenye ngazi vitairi vya mbele vikazama, vijana wawili wa bodaboda wakambeba juujuu na kiti chake bila kuuliza neno, Mungu awabariki. Watoto wakapanda walichopanda. Mvua ikarudi, tukafunga kiti nyuma ya bajaji kwa mpira, tukaondoka.

Usiku mama alikwenda kwa jirani. Bibi wa pale hakuwa ametoka nje siku nzima. Mwenye nyumba hakukana hata kidogo. Alisema foleni ilikuwa ndefu, watoto wamechoka, binti akaona wafanye hivyo, na kwani ni nini kimeharibika? "Kiti tumekirudisha kizima, mama. Na tumekiosha."

Kwa muda mrefu hasira zangu zote nilimpelekea yule mlinzi. Siku hizi siwezi tena kuzipeleka zote huko. Aliagizwa kukamata waongo, na alichofundishwa na siku ile ni kwamba mwongo ni mtu anayesimama. Kumbe wanaotumia kiti mwendo na wanaweza kusimama kidogo ni wengi mno: wa polio, wa moyo, wa viungo kuuma, wazee ambao miguu inawachukua mpaka mlangoni tu. Mwenye kiti akiinuka hujajua lolote juu yake. Lakini mtu mmoja akishadanganya, kuinuka kunageuka ushahidi, na anayehukumiwa kwa huo ushahidi ni anayekuja baada yake.

Na si sisi tu. Mwaka 2013 gazeti la New York Post liliandika kwamba matajiri wa Manhattan wanawakodi watu wenye ulemavu, dola 130 kwa saa, waingie nao Disney World, viwanja vikubwa vya michezo kule Florida, kama ndugu, ili familia isisubiri kwenye foleni. Oktoba mwaka huo huo Disney wakaufuta utaratibu wao wa zamani wa kadi, wakaanzisha mwingine: badala ya kupitishwa mbele, unapewa saa ya kurudi, inayolingana na urefu wa foleni. Kelele zilizofuata hazikutoka kwa matajiri. Zilitoka kwa wazazi wa watoto wenye usonji (autism), hali ya ubongo ambayo kwa wengi wao hufanya kusubiri na kubadilishiwa ratiba kuwa mateso, mpaka wakaenda mahakamani. Mwaka 2024 masharti yakakazwa tena: huduma ile ikalenga zaidi wenye usonji na hali zinazofanana nao, na atakayebainika amedanganya anaweza kufungiwa asiingie tena milele. Mwenye kiti mwendo kule, kwa kawaida, anapita kwenye foleni ya wote, maana nyingi zimejengwa pana na bila ngazi.

Nilimsomea dada hayo yote jana, akiwa anakata mboga. Nilipofika kwenye usonji akasimamisha kisu. "Sasa mtoto wa usonji wanamsimamishaje ili wamwone?"

Sikuwa na jibu. Ila alilolishika zaidi ni lile la foleni pana. Akataka nirudie. Aliniambia siku ile pale Uyole hakuwa na haja ya kumtangulia mtu yeyote. "Mimi nilitaka njia isiyo na ngazi, mdogo wangu. Wangenipa foleni ya saa nzima kwenye kokoto, ningeikaa." Anaijua Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010 kuliko mimi, na anasema sheria ile inamtaka mwenye uwanja atengeneze njia, haimtaki amtengenezee yeye dirisha la huruma pembeni.

Nikamuuliza, je, mlinzi afanyeje? Maana waongo wapo, na wataendelea kuwepo.

"Aniulize kama njia ile ya juu naiweza. Basi. Asiniulize nina nini."

"Na mtu akimdanganya?"

"Akidanganya, amepita. Bora wapite waongo watano kuliko mimi nisimamishwe tena."

Hapo ndipo tunapobishana. Yule binti wa asubuhi naye alipita, nikamkumbusha, na ni kupita kwake ndiko kulikokusimamisha wewe. Mama, aliyekuwa anatusikiliza kutoka sebuleni, akaingilia kwamba ndiyo maana kiti kisingetakiwa kutoka tena humu ndani, na dada akamjibu kwamba kitatoka, wiki ijayo kuna mtu wa kupelekwa hospitali ya Rufaa. Mama akasema atakwenda nacho yeye mwenyewe, akikishikilia kwa mkono, na kurudi nacho. Dada akasema sawa, shikilia.

Kisha akarudi kwenye ile njia yake. Anaamini wangemwaga zile kokoto upande wa wote, wakayaondoa mabanzi, hakuna mtu angekuja kuazima kiti chetu siku ile. Nikamwambia yule binti alikuwa anakimbia foleni, hakuwa anakimbia tope, angeazima tu. Dada akafikiri, akakubali kwamba huenda angeazima.

"Lakini kokoto wangemwaga," akasema.