Lile neno "tu"

Siku ya tano leo na bado limenikwama. Wiki hii Rehema kaposwa, kazini nimehamishiwa kaunta ya mbele, lakini nikilala naisikia sauti ya Ma'mdogo.

Mnajua yeye ndo alotulea kwa vyungu vyake. Jumapili nkampeleka Gede, kwenye magofu ya kale karibu na Malindi, mara yake ya kwanza, mji mzima uko msituni, wenyewe waliuhama karne ya 17 na mizizi imezikumbatia kuta. Alitembea kimya mpaka kwenye makumbusho, akasimama mbele ya vigae vya udongo, vile vipande vya vyungu vya kale, haondoki, anaifuata ile mistari kwa kidole juu ya kioo. Mimi nawaza matatu ya kurudi Mombasa, nkamwambia, "Ma'mdogo, hivyo ni vigae tu, njoo uone vya kaure kutoka Uchina."

Akanitazama. "Vigae tu?"

Nkanyamaza.

"Haya mwanangu. Basi na mimi miaka yote nimefinyanga tu."

Hakuwa na hasira, na hiyo ndo iloniuma. Sikulisema kwa ubaya wallahi, ila ndivyo tulivyozoeshwa. Kirkman, yule mwanaakiolojia, alipoanza kuchimba pale 1948 nyumba kadhaa zikaitwa kwa vilivyookotwa ndani, Nyumba ya Bakuli la Kaure, ya Mkasi, ya Sanduku la Pembe. Nyumba ya Chungu hamna, na vigae vya udongo wa hapahapa ndo vingi kuliko vyote kwenye miji yetu ya kale! Bakuli la Mchina lilipambwa kwenye zidaka za ukutani, sawa, na mchuzi ulipikwa wapi? 2024 UNESCO wakautia mji ule kwenye urithi wa dunia, na mimi niloshibishwa na chungu nasema "tu".

Jana jioni nkaenda kumwomba radhi. Wala hakungoja nimalize, akanishika mkono, "Kile cha katikati umekiona? Kingo za mistari zimevimba. Alichora udongo ungali mbichi mno, alikuwa na haraka yule, pengine mtoto alimlilia." Kumbe siku zote hizi alikuwa akimfikiria mfinyanzi mwenziwe! Nkacheka huku machozi yanitoka. Akanituma gamba la kombe la pwani, lenye ukingo mkali, anataka kuichora ile mistari kwenye chungu kipya, na mimi nimeambiwa nikakanyage udongo Jumamosi. Nina furaha siwezi kueleza.

Sasa mvua imeanza tena, sare ya Saumu haijakauka na kesho ana mtihani saa mbili, sijui nitaianika wapi.