Muhogo kwenye jukwaa la stesheni

Juzi nilishuka teksi kabla ya kufika mji wa Kumi, mashariki mwa Uganda, nikaingia stesheni moja ndogo ambayo sikuwa nimeikanyaga tangu utotoni. Juu ya jukwaa, pale abiria walipokuwa wakisimama na kuku wao, mama mmoja alikuwa ameanika muhogo, mweupe mwanzo hadi mwisho. "Hapa hakuna mchanga, mzee," akaniambia. "Unga wangu hausagi meno."

Mimi ni mtoto wa reli. Baba alikuwa kwenye genge la matengenezo huku Tororo. Alfajiri alitoka na nyundo ya mpini mrefu, akatembea juu ya mataruma akigonga vyuma vinavyoshika reli. Alisema kilicholegea hujibu kama chungu chenye ufa. Kwa hiyo nikisikia watu wakibishana kama treni ya abiria irudi kwenye njia ya kaskazini, ile ya kutoka Tororo hadi Gulu, moyo wangu huwa umeshajibu kabla ya kichwa, na sijui kama ni wa kuaminiwa.

Njia hii ilifika Soroti mwaka 1929 ikifuata pamba ya eneo la Teso, baadaye ikasogea hadi Pakwach, 1964. Ile ya magharibi ilifika Kasese 1956 kwa sababu ya shaba ya mgodi wa Kilembe. Mzigo ndio uliozizaa reli hizi, abiria tulidandia. Miaka ya 1990 treni zetu zikakoma, mataruma ya chuma yakaanza kuibwa na kuuzwa kama skrapu, vibanda vikasogea hadi kando ya reli. Sasa kipande cha Tororo hadi Gulu kinakarabatiwa, na kinachosubiriwa kwanza ni mizigo.

Shemeji yangu anaendesha teksi ya Tororo na Mbale, na hana subira na mimi. "Mimi mtu namchukua mlangoni kwake, namshusha sokoni. Treni yako itamshusha wapi, shemeji? Kwenye muhogo?" Ana haki. Miji imehamia barabarani, stesheni zikabaki nyuma. Watu hupenda kutaja treni ya Kampala hadi Namanve, iliyorudi Desemba 2015. Ile hupandwa na wafanyakazi wanaoelekea njia moja kwa wakati mmoja, huku magari yamekwama. Kumi haina foleni ya kumkimbiza mtu kwenye treni.

Lakini shemeji hanijibu nikimuuliza habari ya machungwa. Nanunua Soroti, magunia sita au saba. Juu ya keria kila gunia linalipiwa kama abiria, na lile la chini hufika Tororo likivuja. Wanawake wa viazi vitamu wana shida hiyo hiyo. Sisi si abiria kamili wala si mzigo kamili, na barabara haijui ituweke wapi.

Treni kamili ya abiria hadi Gulu kila siku naiona ni anasa. Inataka mabehewa, vyoo, maji, walinzi na ratiba inayoheshimiwa, na nauli ya mkulima haitalipa hata robo ya hayo. Ninachotaka ni kidogo: treni ile ile ya mizigo ifungiwe nyuma behewa moja la watu na moja la magunia, mara mbili kwa wiki, kati ya Tororo na Soroti, siku za kuamkia soko. Wazee waliita mchanganyiko. Ilikwenda polepole, na hakuna aliyelalamika, kwani gunia lake alikuwa analiona.

Nilimweleza yule mama mpango wangu, nikitarajia atanifukuza. Aligeuza vipande vichache kwa kidole cha mguu.

"Siku mbili tu?"

"Mbili."

"Basi ije. Hizo tano zingine nitaanika."