Usiku wa kwanza niliokaa upande wa wateja

Miaka tisa nimebeba sahani za watu Dubai. Mkahawa wenyewe uko mtaa wa Deira, wala si wa fahari: meza za plastiki mpaka njiani, mchuzi wa karahi, mikate ya tanuri, na usiku wa kuamkia mapumziko foleni inapinda kona. Madereva wa teksi, mafundi wa ujenzi, familia nzimanzima na watoto wao. Mwenye njaa namjua kwa anavyovuta kiti. Lakini miaka yote hiyo sikukaa upande wa wateja hata siku moja. Sisi tulikula jikoni, saa nane za usiku, tumesimama, kilichobaki.

Kwa hivyo usiku wangu wa tatu Lamu, dada aliponiambia, "Yeo hatupiki, twenda pwani," moyo ulinienda mbio kama msichana anayepelekwa harusini.

Niliondoka 2016 kwa basi, vumbi la Witu limetujaa mpaka kwenye meno. Safari hii ilikuwa lami kutoka Garsen hadi Mokowe, nikalala njia nzima, nikaamshwa kupanda mashua. Mji niliuona ule ule. Ila nilipoondoka dada alikuwa na mimba, na mtoto huyo sasa ana miaka minane, ndiye aliyetutangulia kutoka mtaa wa Langoni akitupigia kelele tusikanyage mavi ya punda. Tukafuata Usita wa Mui, njia kuu ya mji, tukatokea uwanja wa Mkunguni mbele ya ngome. Bibi yetu hapo alikuwa akipita upesi, hageuki, kwa kuwa ngome ilikuwa jela mpaka 1984. Sasa watoto wanacheza mpira chini ya ukuta wake.

Zamani zetu viazi vya karai vilinunuliwa kwa kutuma mtoto na bakuli. Mwanamke kukaa mkahawani usiku, watu wangeuliza ni mke wa nani. Usiku huo, kwenye mkahawa wa pwani, meza ya jirani walikuwa wanawake wanne na mabuibui yao, wanacheka, mifupa ya samaki imejaa sahani, na hakuna aliyewatazama mara mbili. Nilifurahi kwa ajili yao, nikafurahi na kwa ajili yangu.

Kijana akaja na birika na beseni. Nikanyoosha mkono niipokee birika, mazoea ya kazi. Akaniambia, "Mikono, dada." Akanimiminia maji taratibu, vidole vyote kumi, akangoja nimalize.

Tuliagiza mishkaki, mkate wa mofa, samaki wa kupaka na sahani ya viazi. Nataka kusema juu ya viazi, maana miaka tisa nimevitafuta. Dubai nilinunua ukwaju wa pakiti, nikauchemsha, nikatia pilipili na sukari, ukatoka mzito, mtamu wa kuchosha. Pale pwani mama anayekaanga alikuwa hatua tatu kutoka mezani, nikainuka kumwamkia, "Shikamoo mama," na kumuuliza. Hakunificha. Ukwaju wake hauoni moto. Anauroweka tangu alfajiri kwenye maji baridi, kisha anauvuruga kwa mkono mpaka kokwa zinabaki tupu, zinang'aa, ndipo anachuja na kutia chumvi na pilipili ya kutwanga. Alinionyesha zile kokwa kwenye kiganja. Kiazi amekichemsha na chumvi, amekitosa kwenye unga uliotiwa manjano, kinatoka karaini na ganda jembamba linalopasuka ukiligusa. Unakimwagia ukwaju kingali moto. Cha kwanza nilikila pale pale nimesimama kando ya karai, nikalia. Yule mama hakuniuliza kitu, akaniongezea kingine.

Mishkaki ilikuwa laini, papai bichi limefanya kazi yake, ingawa kwangu moto wa seredani ulizidi kidogo. Mofa sikuweza kuiacha. Mkate wa mtama, mkavu ukiushika, lakini ukizamishwa kwenye nazi ya samaki unainywa yote. Bamvua lilikuwa limejaa, maji yanagonga ukuta, na upepo wa kaskazi ukitupeperushia moshi usoni. Juisi ya embe sitaisema, ilikuwa maji na sukari.

Tulipomaliza nikajikuta nimepanga sahani, kubwa chini, ndogo juu, mifupa nimeisukuma upande mmoja, bakuli la ukwaju limekaa kileleni. Nimeshanyanyuka nazo. Dada akanishika mkono.

"Weka tini. Yeo umekuya kula."

Nikaziweka. Mpwa wangu akanitazama, akauliza kwa nini mama mdogo anajua kubeba sahani nyingi hivyo kwa mkono mmoja. Nikamwambia ukweli: ndiyo kazi iliyomlipia ada ya shule na madrasa. Akafikiri kidogo, akasema basi tuongeze viazi.

Nikainua mkono, kijana akaja.