Kufanyia kazi nyumbani bila jenereta: ruta yangu inakula betri moja kwa moja

Nilipoanza kufanyia kazi nyumbani Mbezi Mwisho, Dar es Salaam, siku tatu kwa wiki, kila niliyemuuliza kuhusu umeme kukatika alinijibu: nunua jenereta. Ushauri huo unaniudhi hadi leo. Kwenda ofisini Posta, katikati ya jiji, na kurudi ni karibu kilomita 50. Kwa foleni yetu gari dogo linachoma kama lita 5, na kila lita ya petroli inatoa zaidi ya kilo 2 za hewa ukaa. Ukibaki nyumbani umeokoa kilo 11 hivi kwa siku, kisha uje uwashe moshi dirishani kwa jirani? Tena vitu vyenyewe havina ulaji: ruta (kile kifaa cha intaneti) wati 8, kompyuta mpakato wati 30 ukiwa unaandika tu.

Mwanzoni nilifunga betri ya gari, N70. Haikumaliza mwaka. Betri ya gari kazi yake ni kupiga stata, umeme mwingi kwa sekunde chache, na sahani zake za risasi ni nyembamba. Ukiinyonya kila siku, salfeti ya risasi inagandia kwenye sahani hizo na betri haishiki chaji tena. Fundi atasema inatosha; mkatalie. Chukua betri ya sola ya volti 12, Ah (ampea-saa) 100, na usiishushe chini ya nusu. Hesabu wati-saa 600, si 1,200.

Invata, kifaa kinachogeuza umeme wa betri uwe kama wa ukutani, ndiyo mwizi. Yangu inakula wati 15 hata isipobeba kitu, kwa hiyo ruta ya wati 8 ikipitia huko inamaliza betri kama ya wati 23. Dawa ni kuitoa ruta kwenye invata kabisa. Nyingi zinatumia volti 12, lakini soma lebo ya adapta yako kwanza. Usiunge waya kavukavu: betri ikiwa inachajiwa inafika volti 14.4, ikichoka inakaribia 11.8, na ruta inaungua au inazimazima. Katikati weka konveta ya DC, kifaa kidogo cha kurekebisha volti za betri, inayopandisha na kushusha; ile ya kushusha peke yake haitoshi. Irekebishe itoe 12 kamili, upime kwa mita kabla ya kuchomeka. Kwenye lebo kuna kimchoro cha duara chenye nukta. Nukta ikiunganishwa na alama ya kujumlisha, chanya iko katikati ya pini. Ukigeuza, ruta imekufa. Fyuzi ya ampea 3 ya waya wa ruta ikae karibu kabisa na nguzo ya chanya ya betri, maana kipande cha waya kati ya betri na fyuzi hakilindwi; kikigusana, moto unaanzia hapo.

Kompyuta ina betri yake. Naiacha ishuke hadi asilimia 20, ndipo nawasha invata saa moja na nusu, nazima. Siku nzima umeme ukikosekana, jioni betri bado iko juu ya nusu.

Betri za kuongeza maji zinatoa haidrojeni zikichajiwa, ambayo inalipuka kwa cheche. Yangu iko barazani, juu ya kreti la soda, mbali na jiko la gesi.