Yoga ya saa nane mchana

Juzi kazini, hotelini Nungwi, Unguja, tumeletewa mwalimu wa yoga. Sie wa shifti ya usiku tumetoka saa moja asubuhi, tukaambiwa mtu asiondoke, kuna semina ya stresi, basi mpaka saa nane mchana ndo tunaitwa pwani, jua la Nungwi linapasua kichwa, vuta pumzi, toa pumzi. Dada mmoja wa hauskiping, ambae mgongo unamuuma kila siku kwa kunyanyua magodoro, kalala pale pale juu ya mkeka akaanza kukoroma. Tulicheka mpaka machozi. Bosi hakucheka.

Nnarudi mjini ndani ya daladala namba 116 nikaingia kwenye simu kusoma, kumbe mtafiti mmoja, William Fleming wa Chuo Kikuu cha Oxford, kalitazama jambo hili hili, utafiti wake umetoka 2024, wafanyakazi 46,336 wa mashirika 233 Uingereza. Waliopewa semina za stresi na programu za simu za kutuliza akili hawakuwa na nafuu yoyote kuliko wenzao waliokosa. Yeye anasema itengenezwe kazi yenyewe, ratiba, uongozi, watu wa kutosha. Ndo tunalolilia sie kila siku, ila sie hatuna digrii!

Na si jambo jipya. Mtafiti mwengine wa mambo ya kazi, Robert Karasek, aliandika 1979 kuwa kinachommaliza mtu ni kazi nyingi pamoja na kutokuwa na kauli juu ya kazi hiyo. Hapo nkajiona mwenyewe risepsheni, mgeni kasimama mbele yangu AC yake haipozi, vyumba vitatu vitupu nnaviona kwenye kompyuta, lakini sina ruhusa ya kumhamisha mpaka meneja akubali, na meneja simu hapokei. Nnatabasamu tu. Shirika la Afya Duniani nalo 2019 lililieleza hili la mtu kuchoka mpaka kuichukia kazi kuwa ni jambo linalotokana na kazi, halikuliita ugonjwa. Mama yangu yeye kashakata shauri, ati nimepigwa jicho la hasidi, nikasomewe.

Sasa hivi naandika saa nne na robo usiku, rosta ya kesho ndo inaingia kwenye grupu. Nimepangwa asubuhi, nilijua nna ofu. Na chini yake wameandika: yoga Alkhamis, kila mtu aje na mkeka wake.