Marufaa ya mti wa mfenesi

Mfenesi wa babu uling'oka kwa upepo miaka mitatu iliyopita, ukalalia ua wa jirani, na waliofika mwanzo walikuja na mashoka wakiutaka kwa kuni. Ami yangu akasimama mbele ya gogo akakataa. Akaita wapasuaji, zikatoka mbao kumi na moja, nyingine za futi sita, nyingine fupi tu. Mfenesi mbichi ndani ni wa njano, unadhani mtu kaupaka bizari, na ulimbo wake hunata kwenye msumeno mpaka msumeno ukasita. Kila mara ilibidi waufute kwa kitambaa chenye mafuta ya taa.

Mbao nilizipanga mwenyewe chini ya upenu, vijiti baina ya ubao na ubao ili upepo upite. Vichwa vyake nikavipaka rangi, maana maji hukimbilia kutokea vichwani na hapo ndipo ubao unapoanza kupasuka. Zikakaa zaidi ya mwaka sijazigusa.

Mimi ni mwalimu wa hisabati, skuli ya sekondari hapa Wete. Useremala sikuusomea. Tangu mdogo nilikuwa nikishinda karakana ya ami kule Limbani, nikiokota maranda ya kuwashia jiko la nyumbani, na macho yangu yakawa yanakwenda kwenye mikono yake. Nilipopata nyumba yangu nikaanza na upawa. Anayetaka kuanza kazi za mikono namshauri aanze hapo hapo, kifuu hakina gharama. Kitafute kilichokomaa, kikwangue kwa kipande cha chupa mpaka nyuzi zote zitoke, kitoboe, kisha chonga mpini uwe mwembamba nchani uingie ukikaza wenyewe. Upawa wangu wa nne ndio uliopo jikoni mpaka leo.

Lakini nilichokuwa nikikitaka hasa ni marufaa, kile kiti cha msahafu. Ya mama yalikuwa ya kununua, yana bawaba za bati, na bawaba zilishakula kutu.

Marufaa ya kweli ni ubao mmoja. Hayana bawaba, msumari wala gundi. Chini kidogo ya katikati ya ubao huchorwa mstari, na juu ya mstari huo upana wa ubao hugawiwa vidole vitano. Vidole huchongwa mviringo kwa patasi, kimoja upande huu, cha pili upande wa pili, kwa zamu. Kisha ubao hufungwa kwenye jiriwa, ukapasuliwa unene wake kutoka juu hadi kwenye vidole, ukageuzwa ukapasuliwa kutoka chini. Ukimaliza bado unaonekana mzima. Ukiufungua, jani la mbele limeshikana na mguu wa nyuma, jani la nyuma na mguu wa mbele, kama miguu ya mtu aliyekaa kitako akaikunja.

Ubao wangu ulikuwa na upana wa inchi saba na nusu. Nikatoa kikokotoo nigawe kwa tano, nikapata moja na nusu, nikafurahi. Ami akaniuliza, "Na ungekuwa saba na robo?" Nikaanza kuhesabu. Akachukua rula, akaiweka mshazari juu ya ubao, sifuri ukingo huu, kumi ukingo wa pili, akatia alama kwenye mbili, nne, sita na nane. Vipande vitano sawasawa, upana uwe wowote, bila ya kuhesabu chochote. Nilikaa kimya. Hiyo ni mada ya pembetatu zinazofanana, naisomesha kila mwaka ubaoni kwa chaki, na hata siku moja sikuwahi kuiona ikilala juu ya mti. Sasa naingia darasani na kipande cha ubao na rula, na wanafunzi wanagawa wenyewe kabla sijawaandikia kitu.

Marufaa ya mwanzo yalinivunjikia. Nilishapasua juu na chini, ikabaki kuyafungua, nikaona yamegoma nikayavuta. Kidole cha tatu kikalia kach! Palikuwa na kifundo karibu yake na nyuzi za mti zilikwenda upande, jambo ambalo ningeliona lau ningeutazama ubao vizuri kabla ya kuchora. Ami aliyageuza mkononi kwa muda. "Weye umetia nguvu kabla ya kutafuta yaliponasa." Akanionesha: unapitisha ncha ya kisu baina ya vidole, kimoja kimoja, pale kinapokwama ndipo penye mti uliobaki, unautoa kidogo, unajaribu tena.

Ya pili yalinichukua Jumamosi sita. Katikati yake nilikwenda Unguja kwa semina, na jioni nikawa natembea Mji Mkongwe kutazama milango. Watalii wanapiga picha njumu za shaba. Mimi nilikuwa nimeinama kwenye mfaa, ule mti wa katikati ya mlango, natafuta alama za patasi. Kwenye kona za maua, pale mkono unapogeuka, zinaonekana ukikaribia. Fundi yule alisimama pale pale nilipokuwa nikisimama mimi kila Jumamosi, akihofia kuchimba zaidi ya mstari.

Vanishi sikupaka. Nilisugua kwa msasa, wa dukani kwanza, kisha majani ya mti wa msasa kama ami anavyofanya, mwisho mafuta ya nazi kidogo. Yalipofunguka mara ya kwanza yalitoa sauti ya kukoroma, vumbi la njano likanimwagikia mapajani, na sikujizuia, nilipiga kelele mpaka mtoto akatoka ndani mbio.

Mama anayasomea kila baada ya Magharibi. Rangi imeshaanza kugeuka kahawia upande unaoelekea dirishani. Shangazi naye ameyaona, anataka yake kabla ya Ramadhani. Jana nimeshusha ubao mwengine: kichwani umepasuka inchi tatu, nimezikata, zimebaki ishirini na moja. Kifundo hakuna. Nimeshauchora mstari.