Tazama Ukingo Kwanza: Kuzitambua Sarafu za Fedha Katika Chenji

Kiswahili huyaita madini ya fedha na pesa za matumizi kwa neno moja, na zamani hapakuwa na sababu kubwa ya kuvitenganisha, kwa kuwa sarafu ya thamani ilikuwa kipande cha madini yenyewe. Leo sarafu tunazolipia ni shaba, nikeli au chuma, na fedha imebaki kwenye jina tu. Hata hivyo zipo sarafu chache za fedha ambazo hazijaacha kupita mikononi mwa watu, hasa zile za Marekani, nami kwa miaka kadhaa sasa nimekuwa nikizitafuta ndani ya chenji. Anayetafuta mng'aro huzikosa, kwa sababu fedha iliyozunguka miaka sitini haing'ai. Anayezipata ni yule aliyezoea kutazama ukingo.

Naitaja Marekani kwanza kwa sababu sarafu zake za zamani hazikufutwa, hivyo mtu akiitoa dukani robo dola aliyoachiwa na babu yake, itapokewa kama nyingine yoyote. Uingereza haikuwa hivyo: shilingi za zamani, zikiwemo za fedha, ziliendelea kutumika kama peni tano, lakini zikaondolewa zote mwishoni mwa 1990, na kwa hiyo hakuna tena cha kutafuta katika chenji ya huko.

Hadi zile zenye mwaka 1964, senti kumi, robo dola na nusu dola za Marekani zilikuwa asilimia 90 fedha na asilimia 10 shaba. Bei ya fedha ilipopanda na sarafu zikaadimika, Rais Lyndon Johnson alitia saini sheria mnamo Julai 1965 iliyoondoa fedha kabisa katika senti kumi na robo dola. Jambo ambalo wengi hawalijui ni kwamba viwanda viliendelea kupiga chapa ya mwaka 1964 hata baada ya mwaka huo kwisha, ili wakusanyaji wasizikimbilie, na ndiyo maana huo ndio mwaka unaoonekana mara nyingi zaidi.

Ninapoandika haya, mezani pangu zimelala robo dola mbili, moja ya 1964 na nyingine ya 1965. Uso wa George Washington ni uleule na tai wa upande wa pili ni yuleyule, na ukizitazama kwa juu huwezi kuapa ipi ni ipi bila kusoma mwaka. Zisimamishe kwa ukingo, na shaka yote inaondoka. Ile ya 1965 ina mstari wa rangi ya shaba unaoizunguka katikati, kwa sababu kiini chake ni shaba tupu iliyobanwa na matabaka mawili ya shaba na nikeli. Ile ya 1964 ni nyeupe yenye ukijivu kutoka upande mmoja hadi mwingine. Mizani inakubaliana na macho: ya fedha ilitoka kiwandani na gramu 6.25, nyingine gramu 5.67, na tofauti hiyo ni kubwa kiasi kwamba hata ya fedha iliyolika kidogo bado huizidi ile mpya. Ukiidondosha juu ya meza ngumu, ya fedha hulia kwa sauti nyembamba inayokawia kuisha.

Nusu dola za 1965 hadi 1970 zinahitaji uangalifu zaidi, kwa kuwa zina fedha asilimia 40 tu, na ukingo wake una wekundu hafifu ambao mtu mwenye haraka huudhania shaba.

Ninayoipenda kuliko zote ni senti tano ya wakati wa vita. Nikeli ilihitajika vitani, hivyo kuanzia mwishoni mwa 1942 hadi 1945 sarafu hiyo ilitengenezwa kwa shaba asilimia 56, fedha asilimia 35 na manganisi asilimia 9. Hapa mizani haisaidii, maana uzito ni gramu 5 kama za kawaida, na ukingo hausemi mengi. Alama yake ni herufi kubwa ya kiwanda kilichoitengeneza, P, D au S, iliyowekwa juu ya kuba la Monticello, nyumba ya Thomas Jefferson. Ya kwanza niliyoipata ilikuwa ya 1943, nyeusi-nyeusi kama iliyookotwa jivuni, na nilikuwa nimeshaiweka kando pamoja na zilizochafuka nilipoiona ile P. Weusi huo ni wa kawaida kwa mchanganyiko huo, na tangu siku hiyo senti tano chafu ndiyo naigeuza kwanza.

Kwa sarafu za Kanada chombo cha kushika ni sumaku. Senti 10 na senti 25 za 1968 zilitengenezwa kwa namna mbili, nyingine nusu yake fedha na nyingine nikeli tupu, na zote zina mwaka uleule na sura ileile. Nikeli huvutwa na sumaku, fedha haivutwi. Kwa za Marekani sumaku haiamui kitu, kwa sababu hata zisizo na fedha haizivuti.

Nawasihi mnaoanza msizisugue. Weusi wa fedha ni utando mwembamba tu, lakini mikwaruzo ya dawa ya kung'arisha haiondoki tena, na mkusanyaji huiona mara moja.

Wala msiitupe sarafu kwa kuwa mwaka wake umefutika. Robo dola za Marekani zenye Uhuru aliyesimama, yaani mwanamke anayewakilisha uhuru, zilizoanza 1916, ziliandikwa mwaka mahali palipoinuka mno, ukawa unalika mapema hadi kiwanda kilipouzamisha mwaka 1925. Nyingi hazisomeki kabisa, lakini zote, hadi za mwisho za 1930, ni asilimia 90 fedha, na sura ile peke yake inatosha kuzitambua.